Hujuma za Kompyuta Zisipewe Mwanya

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Shangani hadi Malindi, mwenye nyumba ya wageni halali usingizi kabla ya kuhakikisha kuwa mlango wake umekomewa. Milango hiyo ya mbao nzito yenye misumari ya shaba imelinda mali na heshima za watu kwa miaka mingi. Lakini siku hizi upo mlango mwingine unaohitaji komeo. Mlango huo ni kompyuta iliyopo mezani kwa mpokea wageni.

Kompyuta hiyo hupokea barua za wageni kutoka ng'ambo, nakala za pasi zao za kusafiria na namba za kadi zao za benki. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba. Ni dhahiri, basi, kwamba chombo hicho ni ghala ya siri za watu waliozikabidhi kwa kuamini.

Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulifichua bidhaa zilizofichwa maghalani, zikaonekana kwa macho. Mhujumu wa kompyuta haonekani. Huandika barua pepe akijifanya mgeni anayetafuta vyumba, akaambatanisha waraka. Mhudumu akiufungua, programu ya hujuma hujipenyeza, na tangu hapo mtu aliye mbali huweza kusoma kila herufi inayopigwa, kuchukua majalada na kuiendesha kompyuta kana kwamba ameikalia yeye. Mwaka 2019 kampuni ya Kaspersky ilieleza jinsi hoteli zaidi ya 20, nchini Brazil na kwingineko, zilivyoibiwa kwa mbinu hiyo hiyo.

Linalotia wasiwasi zaidi ni kwamba mhujumu hana haja ya kuwa mtaalamu. Zipo programu zinazouzwa zikiwa viunzi vilivyokwisha tengenezwa, mnunuzi akabakiwa na kazi ya kuchagua anachotaka kuiba. Kiunzi kimoja, Imminent Monitor, kiliuzwa kwa bei iliyoanzia dola 25, kikapata wanunuzi zaidi ya 14,500 katika nchi 124, kabla polisi wa mataifa kadhaa hawajakikomesha mwaka 2019. Vingine, kama Metasploit ya mwaka 2003 na Cobalt Strike ya mwaka 2012, viliundwa ili wataalamu wapime uimara wa ulinzi. Hata hivyo, nakala za wizi za Cobalt Strike zimekuwa silaha ya majambazi. Kisu cha jikoni ni kile kile. Hatari imo katika mkono unaokishika.

Asidhani mtu kuwa shari hii ni ya nchi za mbali. Katika operesheni ya INTERPOL iliyopewa jina la Serengeti, mwezi Septemba na Oktoba 2024, watuhumiwa 1,006 wa uhalifu wa mtandao walikamatwa katika nchi 19 za Afrika zilizoshiriki, Tanzania ikiwa mojawapo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kumiliki isivyo halali programu iliyoundwa kwa ajili ya uhalifu. Ni sheria ya lazima. Lakini isimtishe kijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pale Tunguu anayejifunza viunzi hivyo mbele ya mwalimu wake ili ajue kuvizuia. Askari asiyeijua silaha ya adui hawezi kuwalinda raia.

Aidha, si haki wizi unapotokea lawama zote zitupwe kwa mhudumu wa mapokezi. Binti wa Makunduchi aliyefundishwa kukaribisha wageni hawezi kuitambua barua ya hila ikiwa hapana aliyemwonyesha. Tajiri aliyekataa kugharimia mafunzo na programu halali ndiye aliyeuacha mlango wazi. Tena mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa ataficha kosa lake, na ukimya huo ndio chakula cha mhujumu, kwani kila siku inayopita bila ya taarifa ni siku nyingine ya kuiba.

Hapana budi, basi, wenye hoteli waitenge kompyuta ya mapokezi kwa kazi hiyo tu, waihudumie kwa programu mpya na halali, na kutunza nakala za kumbukumbu mahali pengine. Wafanyakazi wafundishwe, na anayetoa taarifa mapema ashukuriwe badala ya kuadhibiwa. Serikali nayo iwaandae vijana wataalamu wa kutosha ili ulinzi wa Visiwa usitegemee mafundi wa kuagizwa ng'ambo.

Wakazi wa Mji Mkongwe, ambao kuta zao za mawe na chokaa hudai matengenezo kila masika, hawahitaji kukumbushwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo umo ndani ya kompyuta, na wakati wa kuuziba ni sasa.