Bi harusi, na vitabu viingie sandukuni



Miezi hii harusi ni nyingi, alhamdulillah, na maswali ni yale yale: hina ipakwe wapi, piko ya nani haichubui, udi gani utoe harufu hadi fungate imalizike. Hayo tutaendelea kuyajibu inshaallah. Leo tunataka kusema jambo jengine. Rai yetu ni kwamba bi harusi aingie kwa mumewe na vitabu vyake, na nafasi yake ya kusoma ijulikane tangu mwanzo, kama inavyojulikana nafasi yake ya kwenda kuwatazama wazee wake.

Tunasema hivi kwa sababu tunawajua wanawake wengi waliokuwa hodari wa kusoma wakiwa skuli, na leo kitabu cha mwisho walichokifungua ni kile cha mtihani. Hakuna aliyewakataza. Ni chai ya asubuhi, watoto wa skuli, chuo cha jioni, chungu jikoni, nguo, wageni. Nusu saa inayobaki inachukuliwa na simu.

Sisi nyumbani kwetu karibuni tumesoma vitabu vitatu kwa kupokezana: mama, dada na wifi. Cha kwanza ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Maksuudi ni mtu mkubwa mbele za watu, lakini ndani ya nyumba yake ni jabari. Mkewe anaachwa, na binti yake Maimuna, aliyelelewa kwa kufungiwa ndani, anatoka kwenda kwenye dunia asiyoijua hata kidogo. Cha pili ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, ambacho wengi mmekijua kwa ile filamu ya 2021. Humo yumo Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Cha tatu ni kijitabu cha Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Ada za Harusi katika Unguja, ambacho kila mwari wa visiwa hivi angefaidika kukisoma kabla ya kuambiwa "hii ndiyo mila yetu".

Tulichokipata si hadithi tu. Mama alipofika pale Bi Tamima anapoachwa, alikiweka kitabu mapajani akaanza kutusimulia mambo ya ndoa za zama zake ambayo hatujawahi kumsikia akiyasema. Tukakaa mpaka chai ikapoa. Kwetu sisi watu wa heshima, kuna maneno mama hawezi kumwambia binti yake uso kwa uso, na binti hathubutu kuuliza. Somo naye anafundisha mengi chumbani, Allah amlipe, lakini siku zake ni chache. Maimuna na Yasmin si ndugu zetu wala majirani zetu. Tunaweza kuwazungumza bila ya kumsengenya mtu wala kumvunjia mtu sitara yake, na katika mazungumzo hayo mwari akajifunza kumtambua mwanamume mwenye sura mbili kabla hajaolewa naye.

Wapo watakaosema riwaya ni uongo na kupoteza wakati. Tunawaelewa. Vitabu havilingani, na vipo vyenye kurasa ambazo hatungependa mtoto azikute, basi achague mtu kwa akili yake. Wala riwaya haikai pahala pa Qur-an. Uradi wa asubuhi uko pale pale. Lakini anayeona nusu saa ya kitabu ni upotevu, na aitazame simu yake ahesabu saa ngapi imemla jana.

Wapo pia watakaosema mke akishika kitabu kazi zinalala. Mbona mchuzi huchemka wenyewe? Mbona tunasubiri watoto wamalize chuo? Nafasi ipo ikiwa nyumba imekubali kuwa ni nafasi. Kinachoiua ni yule mavyaa au wifi anayepita akasema, "Leo huna kazi?" Neno hilo dogo limezima wasomaji wengi.

Katika dini yetu, neno la kwanza kuteremshiwa Mtume (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma. Bi Shifaa binti Abdullah, radhi za Allah ziwe juu yake, alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na ni kwa Bibi Hafsa ndiko ulikohifadhiwa msahafu uliokusanywa zama za Sayyidna Abubakar. Hapa kwetu Unguja, katika karne ya 19, Sayyida Salma binti Said alisomeshwa kusoma tu, maana kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sisi tuna madaftari na kalamu, na hatuna wa kumficha.

Basi shoga yetu unayeolewa, sikiliza. Mahari ni haki yako, na wewe ndiye wa kuitaja. Katika hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, swahaba asiyekuwa na kitu aliozwa kwa Qur-an aliyoihifadhi. Elimu imeshawahi kuwa mahari, na hapana aibu wewe kutaka sehemu ya mahari yako iwe vitabu: tafsiri ya Sheikh Farsy, vitabu vya fiq-hi, na riwaya mbili tatu unazozipenda. Gharama yake haifiki bei ya gauni moja la usiku mmoja. Na huyo bwana, namna atakavyolipokea ombi hilo itakuonesha mengi mapema.

Kwa waliokwisha olewa, anzeni kidogo. Kwetu sisi, baada ya Isha, simu zote zinapanda juu ya kabati kwa robo saa. Mtoto mkubwa anatusomea visa vya Bwana Msa vya Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na wadogo wanagombania kumtaja muuaji. Mabwana nao husogea, hata wale waliosema hawana habari na hadithi.

Na nyinyi mama zetu mavyaa, mkimkuta mkaza mwana kakaa na kitabu, muulizeni kinasema nini. Huenda akakusomeeni.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na nyumba zenye utulivu. Amin.