MKUTANO MKUU SI WA KUPIGA MAKOFI

Ndugu wanakijiji, ndugu wanachama wa Ushirika,

Tunaandika habari ya mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, na tunaandika mapema ili mtu asije kusema hakuambiwa. Mambo makubwa ni mawili, bima ya afya na ushuru wa kahawa, na yote mawili yanaingia mfukoni mwetu.

Tuanze na bima maana ndiyo inayouma. Sote tunaijua butura. Mke wa mtu akiugua usiku na kahawa ingali maua, mume anakwenda kwa mwenye fedha anamwuzia kahawa iliyo mtini, kwa bei ya huyo mwenye fedha. Msimu ukifika anachuma, lakini gunia si lake. Husemwa kwamba butura ni ulevi. Wako wa ulevi, hatubishi, na tunawajua. Lakini wengi waliingia butura kwa mlango wa zahanati. Kwa hiyo bima ikiwa nzuri itaokoa na kibanja pia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kumbukeni ilikotoka. Mwaka 2022 muswada ulipoletwa kilitajwa kiwango cha shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, wakati CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya kama hiyo. Watu walilalamika kila mahali, muswada ukaahirishwa, ukarudi mwaka uliofuata. Hata wazee wetu wa Buhaya walilia na nyarubanja miaka na miaka mpaka ikaja sheria ya 1965. Kusema kuna kazi yake.

Sasa la kusema mkutanoni ni hili. Sheria imetamka kwamba asiye na uwezo alipiwe. Je, asiye na uwezo hapa kwetu ni nani? Dodoma hawamjui, sisi tunamjua. Basi orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu, jina kwa jina, kama tulivyozoea mambo ya TASAF, na mwenye kupinga apinge palepale, siyo kesho kilabuni. Tena mchango ukusanywe msimu wa kahawa, siyo Januari watu wakinunua madaftari ya watoto. Na Ushirika usikate hata senti kwenye malipo ya mwanachama ambaye hakutia sahihi au dole gumba kukubali. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, tunajua ubaya wa kutia dole kwenye karatasi ambayo hukusomewa.

Upande wa kodi: ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini bwana wee, mnunuzi naye anajua pa kuutoa. Fedha hiyo ni mapato ya ndani ya Halmashauri, na katika mapato ya ndani asilimia 10 ni ya kukopesha bila riba: 4 akina mama, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vijana wetu wanakimbilia visiwani kuvua na wengine Mwanza kwa kukosa kazi, na waliobaki hawajui kama mkopo huo upo. Muulizeni Afisa Mtendaji vikundi vya kijiji hiki vimepata kiasi gani. Kama hana jibu, akaulize wilayani arudi nalo mkutano ujao. Mkutano ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, ndiyo utaratibu.

Wako wanaonyamaza wakidhani kuuliza ni kupinga Chama. Sisi wa Chama tunasema sivyo, ulizeni.

Akina mama waje na wakae mbele, maana ndio wanaokesha na wagonjwa. Mwenye stakabadhi ya zahanati au ya kuuzia kahawa aje nayo, tunataka kuzungumza kwa hesabu. Tarehe itaandikwa chini ya karatasi hii Mwenyekiti akiisha kuipanga. Rubisi ni baada ya mkutano, siyo kabla.

Katibu wa Tawi