Utafiti usiorejea kijijini hauijengi Afrika

Ni nadra siku hizi kusikia hotuba juu ya mustakabali wa bara letu bila ya vijana na utafiti kutajwa pamoja. Umoja wa Afrika, katika Ajenda ya 2063 iliyopitishwa mwaka 2015, uliahidi maendeleo yasiyomwacha mtu nyuma na yasiyowanyang'anya watoto wetu ardhi, maji na misitu watakayoihitaji kesho. Ahadi hiyo ni njema, wala sina ugomvi nayo. Ninalotaka kuuliza ni jambo moja tu: huyu mtafiti kijana anayetwikwa mzigo wa kuijenga Afrika, anamtumikia nani hasa?

Naliuliza swali hili kutoka Shika Adabu, wadi mojawapo ya eneo bunge la Likoni, kusini mwa feri. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 250,000 na ushei katika Likoni nzima. Mabadiliko makubwa yanawajia watu hawa. Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, inaliunganisha eneo la Miritini na Kwale pasipo kuvuka feri. Pale pale Dongo Kundu serikali imetenga ekari zipatazo 3,000 kwa ajili ya ukanda maalumu wa kiuchumi wenye viwanda na gati. Palipo na mipango ya namna hii hapakosi watu wa kuuliza maswali, na kweli wanakuja. Kijana wa chuo kikuu hushuka kwenye matatu na furushi la hojaji, akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Huuliza juu ya samaki na mikoko, juu ya hati za ardhi, ukosefu wa kazi na dawa za kulevya. Watu wetu ni wakarimu. Humpa kiti, wakampa na maji, wakamjibu. Jioni majibu yale huvuka feri pamoja na mwenyewe, na huo ndio mwisho wa habari.

Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, ikasahihishwa, ikapewa alama na kuwekwa katika rafu ya maktaba. Yule mama aliyeulizwa ana visima vingapi na maji yake yana chumvi kiasi gani hatajua kamwe kama kisima chake kilikuwa na tofauti na cha jirani. Simlaumu kijana peke yake. Mfumo uliomlea humdai shahada, haumdai jibu kwa mama yule. Hata hivyo hasara ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa siku ya haki kugawanywa, mwenye kumbukumbu iliyoandikwa ndiye husikilizwa.

Tutazame yaliyotokea Lamu. Bandari mpya ilipoanza kujengwa huko, wavuvi walilalamika kuwa uchimbaji wa bahari ungeharibu mazalio ya samaki na kuwafungia njia walizozijua tangu enzi za mababu. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kuwa haki zao za mazingira, utamaduni na kupewa habari zilikuwa zimekiukwa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa kulipwa shilingi bilioni 1.76. Hapo ndipo msomaji aone thamani ya kuhesabu. Lazima ijulikane ni nani anayevua, anavua wapi, kwa chombo gani, na anapata nini kwa msimu. Mvuvi wa Mtongwe anayajua yote haya kichwani mwake, lakini wakili hawezi kukiwasilisha kichwa cha mtu kuwa kielelezo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, upande wa bara wa magharibi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa sumu ya risasi ambayo iliingia katika miili ya wakazi, watoto wakiwamo. Aliyepiga mbiu hakuwa profesa. Alikuwa mama kijana, Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake aliugua. Damu ilipopimwa, risasi ilionekana, na tangu hapo malalamiko ya mtaa yakawa ushahidi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Najiuliza: Mombasa ina vyuo na maabara, na wanafunzi wa kemia hawakosekani. Ilikuwaje basi kazi ya kuuliza swali la kwanza imwangukie mzazi aliyekuwa akiuguza?

Nisije nikadhaniwa kuwa nawabeza wanasayansi wetu, naomba sasa tuteremke kusini hadi Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Huko watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, wameichunguza mikoko kwa miongo kadhaa, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo. Walipima jinsi miti hiyo inavyoihifadhi kaboni katika mizizi na matope. Elimu hiyo ingeweza kuishia katika majarida ya kigeni. Badala yake ilirudishwa kwa wenyeji wa Gazi na Makongeni, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotajwa kuwa wa kwanza duniani wa jamii kuuza hifadhi ya kaboni ya mikoko. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 117 tu. Fedha zinazopatikana huamuliwa matumizi yake na wanavijiji, na zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji safi. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mikoko ya Gazi si bora kuliko ya Dongo Kundu. Tofauti ni kwamba Gazi matokeo ya utafiti yalirudi nyumbani, yakakalishwa barazani na kujadiliwa na wenye mikoko.

Wako watakaosema kuwa namtaka kijana abebe asichokiweza, na hoja yao ina uzito. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Afrika kusini mwa Sahara ina watafiti zaidi kidogo ya 100 kwa kila watu milioni moja, ilhali wastani wa dunia unapita 1,300. Viongozi wa Afrika waliweka lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa hazina ya taifa ya utafiti. Kiasi hicho hakijawahi kutolewa. Matokeo yake ni kwamba kijana hutafuta mfadhili wa nje, na anayelipa mpiga zumari huchagua wimbo. Swali hutungwa ugenini, kisha huletwa Shika Adabu kutafutiwa majibu. Hatuwezi kumlaumu mfadhili kwa kutaka kujua analotaka yeye. Wa kulaumiwa ni sisi tuliotunga sheria, kisha tukauacha mfuko wake ukiwa mtupu.

Lakini ufukara hauelezi kila kitu, kwani kuandika kurasa mbili za Kiswahili hakuhitaji mfadhili. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Iwapo lugha hii inatosha kutumika Addis Ababa, inakuwaje isitoshe kumweleza mvuvi wa Likoni yaliyopatikana kutoka kwake? Asidai mtu kuwa haina msamiati. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye wasomi wa Afrika na Ulaya walimfuata Mombasa ili wajifunze kwake, aliwafundisha watu kuyachimbua maneno katika lahaja zetu wenyewe, na ndiye aliyetupa neno runinga. Apungukiwaye na neno hana budi kuwauliza wenye lugha, na kuuliza ndiko kutafiti.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo mtafiti anayefaa zaidi Shika Adabu huenda akawa ni kijana aliyezaliwa Shika Adabu. Yeye anajua ni kisima kipi hugeuka chumvi mvua zikichelewa, na ni njia ipi ya pwani iliyofungwa kwa ukuta. Hata hivyo, kuzaliwa mahali hakumpi mtu ukweli. Mtafiti mwenyeji naye ana mtihani wake, tena mgumu, maana itambidi kuwaambia jamaa zake wasiyoyapenda. Baadhi ya mikoko hukatwa na sisi wenyewe kwa kuni na makaa. Juya lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001 kwa sababu hukokota hata samaki wachanga, na bado wapo wanaolivuta. Utafiti unaomsema mwenye kiwanda na kumnyamazia ami yake mwenye juya ni kampeni tu. Maendeleo yanayodumu huhitaji ukweli wa pande zote mbili.

Yafanyike nini basi? Kwanza, vyuo vikuu, hasa vya Pwani, viweke sharti: mwanafunzi aliyekusanya habari katika wadi asihitimu kabla ya kuwasilisha muhtasari wa Kiswahili kwa chifu, kwa shule ya sekondari iliyo karibu, na kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo ambacho wavuvi hukiita BMU. Tena ausome mwenyewe barazani na asikilize kupingwa. Pili, Kaunti ya Mombasa itenge chumba kimoja Likoni ambamo tasnifu na ripoti za athari za mazingira zitawekwa, na kila raia aruhusiwe kuzisoma. Sheria ya haki ya kupata habari ya mwaka 2016 iko upande wa raia.

La tatu ni letu sisi walimu na wanafunzi, wala halingoji bajeti ya mtu. Mtaala wa umilisi umeweka mafunzo ya huduma kwa jamii katika sekondari ya juu. Mara nyingi saa hizo huishia katika kufagia soko. Kufagia ni kuzuri, lakini wanafunzi wale wale wanaweza kupima chumvi ya visima kumi kila mwezi, kuandika uzito wa samaki wanaoshushwa ufuoni, na kuhesabu miche ya mikoko iliyosalimika baada ya masika. Daftari la miaka mitano la shule moja litakuwa na thamani kuliko hojaji mia za siku moja. Kiwanda kitakapofunguliwa Dongo Kundu na maji yabadilike, mtaa utakuwa na kumbukumbu ya jinsi yalivyokuwa kabla. Pasipo kumbukumbu hiyo, ubishi utabaki kuwa neno la maskini dhidi ya neno la mwekezaji, na sote twajua ubishi wa namna hiyo humalizikia wapi. Kazi hii ina haraka, kwa sababu hali ya kabla haiwezi kupimwa baada.

Vyuo hufundisha maadili ya utafiti, na kijana hutia saini fomu za kibali kabla ya kuanza kuuliza. Sisi wa huku tunalo jina fupi zaidi la somo hilo, na ndilo linaloitambulisha wadi yetu. Aliyekaribishwa kwa kiti na maji akapewa alichokijia, adabu yamtaka arudi aseme amekuta nini. Vijana wa Afrika watakaoishika adabu hiyo ndio watakaoijenga, na wengine watazidi kuhitimu tu.