Kazi ya telekomu Kolwezi: ulizo linaanzia kwenye umeme

Vijana wengi wa Manika na Dilala wenye diplome ya elektronike wanaingia mu testi ya kazi ya telekomu wamekariri 2G, 3G na 4G, tofauti zote kichwani. Halafu mwenye kuuliza anawatupia neno moja: antene ya Fungurume imezimika saa nane ya usiku, utaanzia wapi? Hapo wengi wananyamaza.

Na ulizo hilo si mtego, ndiyo kazi yenyewe. Barraji za Nzilo na Nseke ziko karibu na Kolwezi, lakini migodi inakula umeme mwingi na mu mitaa kuran inakatika. Ndiyo maana chini ya mnara kunakuwa jenereta na betri, pengine na sola. Mwenye kujibu vizuri anafuata njia ya umeme: wa SNEL upo? Jenereta imewaka, mazutu iko? Mashine yenye kugeuza umeme kuwa volti 48 inafanya kazi? Betri je? Redio na faibra zinakuja nyuma. Na mbele ya kupanda, mkanda wa usalama. Mwenye kuusahau mu jibu lake anaweza kuangushwa hata kama mengine yote ni sawa.

Kuna pia ulizo la volti 48 hasi. Betri nne za volti 12 zikifungwa kwa mfuatano zinatoa 48. Upande wa plus ndio unafungwa kwenye udongo, desturi iliyotoka kwa simu za zamani za waya: kwa namna hiyo waya wa shaba hauliwi haraka na unyevu. Mu mji wa shaba, jambo hilo mtu angepashwa kulijua mbele ya wengine.

Mazoezi hayaombi mnara. Fundi wa sola sokoni ana betri na kipima-volti, na kukaa kwake wiki mbili kunasaidia kuliko kukariri vitabu.

Kinachosahauliwa zaidi ni ulizo la kijana mwenyewe. Vodacom, Airtel, Orange na Africell ndizo zinaonekana kwenye simu, lakini minara mingi ni ya Helios Towers, na kazi ya kuitunza mara nyingi inapitia kampuni zingine ndogo. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inaachia kazi za namna hiyo kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kwa hiyo patroni wa kweli anaweza kuwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye kofia ya kazi. Nani anasaini kontra? Ni ya miezi mingapi? Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikija na radi, nani anaamua kwamba hakuna kupanda? Kuandikisha mfanyakazi kwa CNSS ni kazi ya mwajiri, na kijana anaweza kuomba nambari hiyo kabla ya kuvaa mkanda.