Samweli, Eliabu na kijana wa Cleveland



Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa hata chai, simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe kutoka kwa mpwa wangu anayeishi Minneapolis, Marekani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, sisi huku tukiwa tumelala, Cleveland Browns walikuwa wamewafunga Las Vegas Raiders 24-10 katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba na kurusha mpira wenye umbo la yai. Aliyewaongoza Cleveland ni Shedeur Sanders, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza mechi katika ligi ya NFL. Kwa Cleveland, kwotabeki kushinda mechi yake ya kwanza ya kuanza ni jambo lililokuwa halijatokea tangu 1995.

“Shikamoo mjomba,” aliandika. “Umeona? Yule waliyemkataa!”

Nikajua anachotafuta. Anataka nimpe andiko la kuwapiga nalo waliomkataa. Sikumjibu siku ile. Nimelitafakari wiki nzima, na leo tunapoanza Majilio naomba nijibu hapa gazetini, kwa sababu swali lake ni kubwa kuliko mpira.

Kwanza nieleze kwa wale ambao, kama mimi zamani, hawaujui mchezo wenyewe. Kwotabeki ndiye mchezaji anayeanzisha karibu kila shambulizi. Anapokea mpira, ana kama sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua amrushie nani, na wakati huohuo watu wenye kilo 120 na zaidi wanamkimbilia kumwangusha. Timu yenye kwotabeki mzuri ina matumaini. Isiyo naye huishi kwa kubahatisha, na Cleveland wanajua habari hiyo: tangu warudi katika ligi mwaka 1999, wamekwisha kuwaanzisha zaidi ya 40 katika nafasi hiyo moja.

Vijana hawa hutoka vyuo vikuu. Kila mwaka mwezi Aprili timu 32 huwachagua kwa zamu, raundi saba, huku familia zimeketi sebuleni na kamera za televisheni zikiwatazama. Aprili 2025 Sanders, aliyetamba Chuo Kikuu cha Colorado chini ya kocha ambaye ni baba yake mzazi, Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani, alitajwa na wengi kuwa ataitwa raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili, ya tatu, ya nne. Makwotabeki watano walichaguliwa kabla yake, mmoja wao na Cleveland haohao. Jina lake lilisomwa raundi ya tano, akiwa wa 144. Hata Rais Trump aliingia mtandaoni kuwalaumu wamiliki wa timu, jambo ambalo nadhani halikumsaidia kijana.

Kwa nini aliporomoka? Wengine walitilia shaka nguvu ya mkono wake, wengine tabia ya kushika mpira muda mrefu hadi anaangushwa. Lakini kilichosemwa zaidi kilihusu moyo wake. Kocha mmoja ambaye hakutajwa jina alinukuliwa akidai kwamba mahojiano na kijana huyo yalikuwa mabaya sana, kwamba anajiona. Maneno ya mtu asiye na jina, yakimhusu mwenye jina.

Hapa ndipo wengi wetu tungefungua Samweli wa Kwanza, sura ya 16. Samweli anafika nyumbani kwa Yese, anamwona Eliabu, mrefu na mwenye sura, anasema moyoni huyu ndiye. Mungu anamwambia hapana. Tunapohubiri sura hii, mara nyingi tunaifanya kuwa agizo: basi nanyi msiangalie sura, angalieni moyo. Isome tena taratibu. Kinachosemwa pale ni tofauti kati ya macho mawili, ya mwanadamu na ya Mungu. Samweli hakupewa jicho la pili. Hata Daudi alipoletwa, nabii alingoja kuambiwa. Tena kumbuka kwamba ni Samweli huyuhuyu aliyempaka mafuta Sauli, aliyewazidi watu wote kwa mabega. Alikuwa amekwisha kuona kimo kikigeuka kuwa huzuni, na bado alipomwona Eliabu macho yake yalirudi palepale. Huyo ni nabii. Sembuse skauti mwenye saa ya kupimia mbio.

Maskauti wa Marekani hupima kila kinachopimika. Wanawakusanya vijana Indianapolis kila mwaka, wanapima kimo, uzito, mbio za yadi 40, hata upana wa kiganja. Kwa miaka mingi waliwapa pia mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, hadi ligi ilipouacha mwaka 2022. Mwaka uliofuata matokeo ya mtihani mwingine wa akili yalivuja, yakionyesha C.J. Stroud wa Ohio State kapata alama za chini. Houston wakamchukua akiwa wa pili, na msimu huohuo akawa mshambuliaji bora kati ya wachezaji wapya. Aliyechaguliwa wa kwanza mbele yake, Bryce Young, aliwekwa benchi baada ya mechi mbili za msimu wake wa pili, kisha akarudishwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Tom Brady. Mwaka 2000 makwotabeki sita waliitwa kabla yake. Yeye akawa wa 199. Alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Akaja kutwaa ubingwa mara saba. Na Kurt Warner hakuchaguliwa kabisa. Alikuwa akipanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka huko Iowa, na Januari 2000 akawa bingwa na St. Louis Rams. Warner hakuwahi kuficha kwamba ni mtu wa Kristo.

Mpwa wangu anaipenda sana mifano hii, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kwa kila Brady wapo vijana wengi wa raundi ya sita ambao maskauti waliwapima sawasawa, na leo hatuna majina yao kichwani. Kukataliwa siyo uthibitisho wa kuteuliwa. Daudi alisahauliwa malishoni, ni kweli, lakini malishoni hakuwa peke yake katika Israeli nzima.

Na kwetu waumini kuna mtego mwingine. Mnamkumbuka Tim Tebow? Mzaliwa wa Ufilipino, mtoto wa wamisionari, mshindi wa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2007. Aliandika Yohana 3:16 chini ya macho yake. Denver walimchukua raundi ya kwanza mwaka 2010, na Januari 2012 akaitoa Pittsburgh katika mechi ya mtoano kwa kurusha jumla ya yadi 316. Makanisa yalishangilia ile namba, na mimi nakiri nilishangilia. Lakini maskauti waliosema kwamba urushaji wake haukuwa sahihi vya kutosha kwa ligi ile walikuwa wakisema kweli. Hakudumu. Imani yake haikupungua kwa hilo, wala haikuwa imemuahidi nafasi Denver. Sisi ndio tuliomwahidi.

Sasa, kwa nini kupima kunashindikana? Sababu moja ni kwamba mchezo wa chuo na wa kulipwa ni kama mito miwili. Chuoni, kijana wa timu kubwa analindwa na ukuta wa wenzake ulio bora kuliko wapinzani wengi, na anayemrushia mpira mara nyingi yuko peke yake, hatua kadhaa kutoka kwa adui. Katika NFL nafasi ile ni upana wa mlango, inafungwa kabla hujaiona vizuri, na wapinzani wanakuficha mpango wao hadi mpira uanze. Mwandishi Malcolm Gladwell aliwahi kulifananisha tatizo hili na la kuajiri walimu: hujui nani atafundisha vizuri hadi asimame mbele ya darasa. Wapo wasomi waliompinga wakisema wanaochaguliwa mapema kwa wastani hufanya vizuri zaidi, na nafikiri wana hoja, ingawa anayechaguliwa mapema pia hupewa muda na uvumilivu ambao wa raundi ya tano hapewi.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Mwaka 2002 David Carr alikuwa wa kwanza kuchaguliwa, na Houston, timu mpya kabisa, ikamwanzisha mara moja nyuma ya ukuta usiozuia mtu. Aliangushwa mara 76 katika msimu mmoja; rekodi hiyo bado ipo. Baada ya hapo watu wakamwandika kuwa alishindwa. Miaka kumi na mitano baadaye Patrick Mahomes alichaguliwa wa kumi, Kansas City ikamketisha karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith, mtu mzima aliyemfundisha bila choyo akijua kijana huyo atachukua kazi yake. Mahomes ana mataji matatu. Siwezi kusema Carr angekuwa Mahomes. Nasema tu kwamba Bwana wetu alipotoa mfano wa mpanzi, mbegu ilikuwa ileile, na muda mwingi wa hadithi aliutumia kwenye udongo. Sisi tunaipima mbegu hadi kiganja chake.

Mpwa wangu mwenyewe anaujua udongo huu. Timu yake, Minnesota, ilimpokea Sam Darnold mwaka 2024 baada ya Jets waliomchagua wa tatu mwaka 2018 kumchoka, na baada yao wengine. Akashinda mechi 14 kwa Minnesota. Wakamwacha aende Seattle, ambako msimu wa 2025 aliendelea kushinda. Usimtajie.

Kuna jambo la tatu, na hili siwezi kulipita haraka. Mwaka 1978 Warren Moon alikuwa ametoka kuongoza Chuo Kikuu cha Washington hadi ushindi wa Rose Bowl, akiwa mchezaji bora wa mechi hiyo. Hakuna timu hata moja iliyomchagua. Moon ni mtu mweusi, na kwa miongo mingi wenye ligi waliamini kwamba mweusi anaweza kukimbia na kudaka lakini nafasi ya kufikiri si yake. Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikamtafuta. Na mwaka 2018, miaka arobaini baadaye, Lamar Jackson, aliyekwisha kushinda Heisman, alishauriwa hadharani abadilishe nafasi awe mdakaji. Alichaguliwa wa 32, na mwaka uliofuata alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima bila kura moja kumpinga.

Kwa hiyo mtu asiyetaja jina anaposema kijana mweusi ana majivuno, naelewa kwa nini wengi walikunja uso. Huenda Sanders ana majivuno kweli. Vijana wa miaka 23 wanayo, na watoto wa watu mashuhuri zaidi. Sijui kilichomo ndani yake, na kocha yule hajui. Yakobo katika waraka wake anawakemea wanaomkalisha mwenye pete ya dhahabu mbele na kumwacha maskini miguuni, na shtaka lake ni kwamba wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Walidhani wanapanga viti tu.

Nimekaa katika kamati za kanisa za kuchagua viongozi, na naandika haya nikiwa na aibu kidogo. Tulikuwa na karatasi ya alama. Kijana mmoja tulimpa alama ndogo ya “moyo wa utumishi” kwa sababu hakutabasamu wakati wa usaili. Baadaye tulisikia kwamba wiki ile alikuwa akimuuguza mama yake. Alama ile hatukuwahi kuirekebisha.

Basi mpwa wangu, marahaba, na jibu langu ni hili. Waliomwacha Sanders hadi wa 144 huenda walimwonea, na huenda walimpima sawa. Mechi moja dhidi ya timu dhaifu ya Raiders, alipokamilisha pasi 11 kati ya 20, haiwezi kuamua. Timu zinapaswa kuchagua, kazi haifanyiki bila kuchagua, na hakuna dhambi kusema mkono wa fulani hauna nguvu ya kutosha. Hilo linaonekana. Wanaweza kusahihishwa kesho kwa macho yaleyale. Anayesema moyo wa fulani haufai amevuka mpaka, na uamuzi wa namna hiyo humfuata mtu hata akishinda.

Ryan Leaf anaweza kutueleza. Mwaka 1998 wataalamu walibishana nani awe wa kwanza, yeye au Peyton Manning. Manning akawa wa kwanza, Leaf wa pili. Manning aliondoka na tuzo tano za mchezaji bora. Leaf alishinda mechi nne tu kama mwanzishaji, akaishia kwenye dawa za maumivu, kisha gerezani Montana. Aliachiwa Desemba 2014. Tangu hapo amekuwa akifanya kazi na watu waliotekwa na uraibu kama wake. Hakuna skauti aliyewahi kuwa na safu ya kuandikia hilo.

Leo saa tatu usiku kwa saa zetu Cleveland wanawakaribisha San Francisco 49ers. Kwotabeki wa San Francisco ni Brock Purdy, aliyechaguliwa mwaka 2022 akiwa wa 262, wa mwisho kabisa, nafasi ambayo Wamarekani humpa mtu jina la utani la Bwana Asiye na Maana. Mei 2025 alisaini mkataba unaoweza kufikia dola milioni 265. Wa 144 dhidi ya wa 262. Mpwa wangu ameahidi kunipigia simu wakati wa mapumziko, na mimi nimemwambia apige mapema, maana kesho ni Jumatatu.