Samaki afike bandarini na mapezi yake



Papa ninayemusema hapa siye baba wa nyumbani! Waswahili wa Mombasa na Unguja wanaita papa ule samaki mukali wa bahari, ambaye katika Kifaransa tunamujua kwa jina la requin. Wavuvi wengine wanamukamata, wanamukata mapezi, halafu wanamutupa majini angali hai. Bila mapezi hawezi kuogelea, anazama, anakufa. Yote juu ya makuta. Mapezi yanauzwa bei kali kwa supu ya Wachina, lakini nyama bei yake ni ndogo, tena inajaza meli bule. Na mapezi yenyewe hayana ladha. Ladha ya supu inatoka kwa kuku na vitu vingine.

Mataifa mengi yamekataza. Mimi nataka tuangalie namna walivyokataza. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000. Mwaka 2002 wakakamata meli King Diamond II na mapezi karibu tani 29, bila miili. Mwivi amepatikana, sivyo? Hapana. Mwaka 2008 korti ikasema meli ile haikuvua, ilinunua tu kwa wavuvi, basi sheria haiishiki. Ulaya nayo ilikataza mwaka 2003, lakini wenye ruhusa waliweza kuleta mapezi mbali na miili mbali, kwa hesabu ya kilo. Nani atapima meli nzima? Mwishoni, Marekani kwa sheria iliyotiwa sahihi Januari 2011, na Ulaya mwaka 2013, walisema hivi: papa afike bandarini na mapezi yake mwilini. Hata askari asiyejua hesabu anaona kwa macho.

Sasa hapa kwetu Kisale. Hakuna anayetupa samaki. Hata kichwa tunakigombania. Lakini vyandarua vya malaria vinakokota watoto wa tilapia na kambale wasiofika urefu wa kidole, na sisi tunasikia tu: ni mwiko, ni mwiko. Mwiko ndani ya matete nani atauona? Tungoje mutumbwi ufike. Pale ku bandari, mbele ya wazee na wamama wanunuzi, kikapu kifunguliwe. Kumbukumbu la Torati sura 22 inasema ukikuta kiota, mama ndege umwache aende. Sisi tunatwaa mama na watoto pamoja.

Wengine watajibu kwamba mujane mwenye chandarua hana franka za kununua wavu. Ni kweli, na mimi sitaki afungwe. Ndiyo sababu nasema tuanze na mununuzi. King Diamond II ilikuwa mununuzi. Na sisi wa internat, tunaokula samaki mukavu kila juma, ni nani? Naomba wanaotununulia chakula wakatae, kuanzia trimestre ijayo, kila tilapia na kambale asiyefika urefu wa kiganja. Mboga itapunguka miezi ya kwanza. Najua nitatukanwa mezani.