Ahadi Haihami na Kadi

Marehemu Augustino Mrema, mwanasiasa wa Kilimanjaro, alitoka CCM mwaka 1995 akilaani rushwa, akaingia NCCR-Mageuzi. Mwaka huo aligombea urais, akapata takriban asilimia 28 ya kura. Mwaka 1999 alihamia TLP. Mwaka 2000 akaambulia asilimia 8 hivi, na mwaka 2005 hata asilimia 1 hakuifikisha. Wananchi wa Vunjo walimchagua mbunge mwaka 2010.

Hatusemi kuhama chama ni dhambi. Huenda mtu akaikimbia dhulma. Tunasema kura ni amana. Kwa hiyo, kabla hatujaishangilia bendera mpya ya mgombea yeyote, tumuulize: aliyotuahidi chini ya bendera ya jana yako wapi?